Fisi na khanga yangu

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu za tangu Idi. Uliniuliza kama kweli nawachezesha michezo ya kuigiza vijana wa mahabusu ya watoto, nikacheka tu. Ngoja nikuandikie, maana kwenye simu ningelia.

Naenda Jumanne na Alhamisi, wakishakula. Wako kumi na mmoja: wizi wa simu, bangi, mmoja ana kesi nzito. Wiki ya kwanza niliharibu. Nilimwambia mmoja wao, wa miaka 15, aigize siku baba yake alipomfukuza nyumbani. Alisimama akitazama sakafu, halafu akajikojolea mbele ya wenzake. Siku mbili hakula. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka kesi zao zisikilizwe faragha, na mimi na cheti changu cha chuo cha sanaa Bagamoyo nikampandisha kizimbani mbele ya watu kumi!

Unamkumbuka Moreno, yule daktari wa Vienna aliyetibu watu kwa maigizo, akahamia Marekani 1925, akaja kufanya kazi na wasichana wa shule ya kurekebisha tabia kule Hudson, New York? Alikuwa akiwabadilishia watu nafasi: wewe uwe mama, mama awe wewe. Kwa hawa wangu nikaona hata hapo ni karibu mno na kidonda. Basi wiki tatu tukacheza kombolela na kuigiza ngano za fisi. Ofisa ustawi akawa anaguna pale mlangoni, mtu mzima anakimbizana na watoto.

Alhamisi iliyopita yule kijana akaomba awe fisi. Akachukua khanga yangu, akaikunja, akaiweka kitini. "Huyu mtoto wa fisi." Akakigeuza kiti kikaelekea ukutani, akanyanyua mkono kama ameshika mkanda. Mkono ukabaki juu. Nikamuuliza fisi, si yeye: "Unawaza nini?"

"Nimechoka. Na hili toto halilii, ndiyo linaniudhi zaidi."

Kimya. Yule wa kesi nzito akaacha kutafuna kucha, akainuka bila kuambiwa, akakigeuza kiti kikatutazama. Fisi akashusha mkono, akakaa chini.

Usidhani amepona. Usiku bado anaweweseka, na kesi yake ni mwezi ujao. Ila jana mlezi kanambia kijana anakula.

Ukija niletee khanga, hata ya zamani. Ile yangu analalia yeye, nami sijaidai.

Wako,
Zuhura