Malalamiko kuhusu urejeshaji wa faili kutoka diski ya nje

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja

Ndugu,

YAH: KUREJESHEWA FAILI PUNGUFU NA MBOVU

Husika na kichwa cha barua hapo juu. Kazi niliyolipia ni kurejesha nyaraka, picha na video kutoka diski ya nje kwenda kompyuta mpya ya Windows 10. Ndani ya diski hiyo faili zimehifadhiwa kama nakala za akiba (backup) zilizotengenezwa na Windows 7. Nimekabidhiwa folda moja iliyochanganyikana, yenye video zisizofunguka, na risiti inayosema diski ilikuwa na hitilafu. Maelezo hayo nayapinga. Diski ni nzima. Kilichoharibu ni njia aliyotumia fundi wenu.

Windows 7 hupakia nakala katika zipu, yaani faili zilizobanwa zenye faili nyingine ndani yake, za takriban MB 200 kila moja, ndani ya folda zenye tarehe. Fundi alizifungua kwa mkono, moja moja, akamwaga vilivyomo mahali pamoja. Video isiyoenea kwenye zipu moja hukatwa vipande, na kipande kikitolewa peke yake hakichezi. Ndiyo maana picha, ambazo ni ndogo, karibu zote zimepona.

Nyaraka zinanitia wasiwasi zaidi. Nakala ya kwanza hubeba kila kitu. Zinazofuata hubeba yaliyobadilika tu, hivyo faili ya hesabu yaweza kuwemo mara nyingi kwa jina lilelile. Tarehe zinaonyesha kwamba folda za zamani zilimwagwa mwisho, zikafunika matoleo mapya. Faili hizo zinafunguka bila onyo lolote, na mtu atazitumia akidhani ndizo za mwisho.

Windows 10 bado ina sehemu ya Backup and Restore iliyotoka Windows 7, ndani ya Control Panel, yaani paneli ya mipangilio ya kompyuta. Pale huchaguliwa nakala iliyotengenezwa na kompyuta nyingine, kisha diski, kisha folda zinazotakiwa, na mahali papya pa kuziweka huku mpangilio wa folda ukibaki ulivyokuwa. Programu yenyewe huunganisha vipande na kuchukua toleo la karibuni.

Naomba kazi irudiwe kwa njia hiyo, bila malipo, faili zikiwekwa kwenye folda tupu ya kompyuta. Kabla ya hapo diski yote inakiliwe kwenye diski nyingine, maana ndiyo nakala pekee iliyobaki. Kisiandikwe chochote juu yake. Maelezo ya risiti nayo yasahihishwe. Msipoweza ndani ya siku 7 za kazi, nirudishiwe diski na malipo yangu yote.

Wenu,
Mteja