Saa 10 ipi? Barua kwa mdogo wangu

Mdogo wangu,

Tangu arobaini ya baba hujanipa shikamoo, nami siidai. Nina neno na ile "sawa" yako, uliyonijibu nilipokuagiza ukampokee shangazi.

"Sawa" yetu ina kazi tatu: nimesikia, nimekubali, nitafanya. Anayeipokea hajui kapewa ipi, basi hujichagulia inayomfaa. Dawa yake si semina. Mtu akikuagiza, mrudishie agizo kwa maneno yako kabla hujakata simu: "Kwa hiyo niwe stendi ya Nanenane saa 10 alfajiri, nimchukue shangazi, nimlete Chang'ombe." Hazifiki sekunde kumi. Kama umekosea utarekebishwa hapo hapo, mgeni hata hajapanda basi.

Shangazi alishuka. Kuanzia saa 10 alfajiri hadi saa 2 asubuhi amekaa juu ya kiroba chake cha karanga, kajifunika khanga (na baridi ya Dodoma ya Julai unaijua), simu imezima chaji, kila bodaboda akimsogelea anamwambia, "Mwanangu yuko njiani." Yuko njiani! Ulikuwa umelala, unangoja saa 10 ya jioni.

Najua utakalosema. Niliandika "Shangazi anaingia kesho saa 10", nikatuma saa 6 na robo usiku. Haya, hata hiyo "kesho" ilikuwa mbovu; saa hizo kila mtu ana kesho yake. Ujumbe wa kupokea mgeni unataka siku kwa jina, saa pamoja na alfajiri au jioni yake, stendi, jina la basi, na namba ya pili ya simu, ya konda au ya abiria mwenzake. Lakini mimi nilikuwa na chakula cha watu mia mbili kichwani. Wewe ulibakiwa na neno moja la kuuliza: ipi?

Pesa nazo vivyo hivyo. Mtu akitaja mchango wa "mbili na nusu", ni elfu, laki au milioni? Mwulize, kisha uandike tarakimu, 250,000, umsomee.

Mzee akiongea huna haja ya kumkodolea macho, kwetu si adabu. Kusikiliza kwako husikika: "enhe", "naam", halafu swali linaloshika neno lake la mwisho. Simu uifudikize. Ukiwa nayo mkononi, "enhe" zako huangukia pasipo pake, na wazee wanazihesabu.

Ujumbe wa sauti, jambo lenyewe liwe kwenye sentensi ya kwanza. Ule wako wa dakika nne, wa jinsi usingizi ulivyokupitia, "nisamehe dada" uliiweka mwisho kabisa. Nimeifikia majuzi tu.

Na kosa la mtu huambiwa mwenyewe, faragha: lililotokea, lililoumiza, unachotaka safari ijayo. "Wewe siku zote" haina nafasi humo. Ndiyo, mimi nilikusema kwenye kundi la familia, tena kwa herufi kubwa. Simu yako ilikuwa haipatikani, ningefanyaje? Na leo nimekuandikia hapa, mbele za watu. Hayo nayo utayaweka kwenye hesabu yako.

Shangazi anakuja tena. Usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa, saa 10 alfajiri, stendi ya Nanenane. Namba ya konda nitakutumia. Nirudishie kwa maneno yako.

Fungu lako la karanga bado liko jikoni kwangu, sijalikaanga.

Dada yako