Kaka fundi wa Kariakoo, asante

Kaka fundi wa Mtaa wa Aggrey, furaha ilinisahaulisha hata kukuuliza jina. Ule mkanda wa VHS ulishaota ukungu, na wenzako wawili waliniambia nitupe. Wewe ukafungua skrubu zake 5, ukaupangusa utepe kwa pamba, taratibu kama unamwogesha kichanga, ukauhamishia kwenye kasha jingine.

Video yetu ya Idi imekamilika. Tumerekodi kwa simu hapa Temeke, watoto na kanzu zao, kaimati zikielea kwenye mafuta. Katikati nimechomeka dakika 2 za mkanda: Mnazi Mmoja, mimi nalilia puto, bibi, Mungu amrehemu, ananifunga kamba za viatu vipya. Mama kairudisha hapo mara nne.

Ile elfu tano uliyoikataa, watoto wameilia barafu za ubuyu.