Mgonjwa wa jino aelezwe kabla ganzi haijakolea

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie hofu ya matibabu ya mzizi wa jino, yaani kusafishwa jino kwa ndani na kuzibwa badala ya kung'olewa, hofu ambayo imewafanya jirani na ndugu zangu kadhaa wachague kung'olewa meno ambayo bado yangeweza kubaki kinywani. Nimepata matibabu hayo mara mbili, katika kliniki mbili tofauti hapa Tanga, na tofauti ya siku hizo mbili ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Mara ya kwanza lilikuwa gego la chini upande wa kulia, lililoniuma siku tatu mfululizo hata nikawa nalala nimekaa. Daktari alikuwa hodari wa mikono, lakini hakusema neno. Alinichoma sindano ya ganzi, na punde moyo ukaanza kunienda mbio, mikono ikatetemeka, nami nikaamini kabisa kwamba nafia kwenye kile kiti. Alipokikaribia kiini cha jino niliumia sana, nikanyamaza kwa kudhani kwamba ndivyo matibabu yenyewe yalivyo na kwamba mtu mzima hapaswi kulalamika. Siku ya kurudi ilipofika, sikurudi. Jino likaendelea kuoza chini ya mzibo wa muda, na baada ya miezi minane likang'olewa.

Miaka miwili baadaye gego la upande wa pili nalo lilipoanza kuuma, nilikwenda kwingine nikiwa nimekwisha kuamua kuling'oa. Daktari, binti wa umri wa mwanangu, alinisikiliza kwanza. Akaniambia kwamba dawa ya ganzi mara nyingi huchanganywa na adrenalini kidogo, ambayo hubana mishipa ya damu ili ganzi isiishe mapema, na kwamba hiyo ndiyo huweza kuupeleka moyo mbio kwa dakika chache kisha ukatulia. Akaniuliza kama nina shinikizo la damu au maradhi ya moyo. Akaniambia pia kwamba jino lenye uvimbe ndani, hasa gego la chini, mara nyingine hukataa ganzi ya kwanza, kwa kuwa mishipa ya fahamu ya jino lililovimba huwa nyepesi mno kuhisi na ngumu kutiwa ganzi, na kwamba dawa yake ni kuongeza ganzi, si mgonjwa kukaza roho. Miaka yote hiyo nilikuwa nimejilaumu kwa uoga.

Kisha akasema, "Mama, ukinyanyua mkono wa kushoto, ninaacha papo hapo." Nilinyanyua mara mbili. Mara ya kwanza sikuwa na maumivu yoyote. Nilitaka tu kuhakikisha kwamba ataacha kweli. Akaacha, mashine ikanyamaza, na tangu hapo mabega yangu yakalegea. Mara ya pili niliumia kweli, akaongeza ganzi, tukasubiri, tukaendelea.

Alinitandazia mpira mwembamba unaolizunguka jino ili maji na dawa ya kusafishia visiingie kooni, akanitaka nipumue kwa pua. Nilikuwa na tasbihi mkononi: kila punje nilivuta pumzi moja na kuitoa polepole zaidi ya nilivyoivuta, na nilipofika mwisho nilianza upya. Vile visindano vya kukwangulia mzizi vinasikika mpaka kichwani, na asiyeambiwa mapema huidhani sauti ile kuwa ni maumivu. Kwa siku tatu nne jino liliuma nilipotafuna, kama nilivyokwisha kuelezwa, na dawa ya kawaida ya maumivu ikatosha. Leo ninalitafunia.

Najua jibu litakalotolewa: foleni ni ndefu na madaktari ni wachache. Nakubali, na ninawaheshimu kwa kazi wanayoifanya. Lakini ganzi ya taya la chini huchukua dakika kadhaa kukolea, na katika dakika hizo mgonjwa huachwa peke yake akitazama taa, akihesabu vyuma vilivyopangwa kwenye sinia. Maelezo niliyopewa mimi hayakuzidi muda huo. Bei ya kutibu mzizi kuwa juu ya bei ya kung'oa ni tatizo jingine kubwa, linalohitaji barua yake. Ila mimi pesa ya jino la kwanza nilikuwa nimekwisha kuilipa, na kilichonirudisha nyumbani ni hofu.

Kwa hiyo nawaomba madaktari wetu wa kinywa na meno wakubaliane na kila mgonjwa ishara ya mkono kabla ya kuwasha mashine, na wasimamizi wa kliniki wabandike ukutani, mbele ya benchi la kusubiria, maelezo mafupi ya Kiswahili kuhusu ganzi, moyo kwenda mbio na haki ya mgonjwa kusema kwamba anaumia.

Msomaji wako,
Mama wa Ngamiani, Tanga