Wanandoa: Tanga hadi Lushoto

Wapendwa, habari za jioni. Safari ipo palepale, Ijumaa alfajiri tunaondoka Dar na kulala Tanga.

Jumamosi tunashika barabara ya Pangani na kusimama Tongoni, kwenye magofu ya kale ya Waswahili. Hapo naomba tusiwe na haraka. Tazameni kwa karibu makaburi ya nguzo, yaani yale yaliyojengewa nguzo ya mawe: mtaona vishimo vya mviringo, humo zilipachikwa bakuli za kaure kutoka China. Mimi na mwenzangu tunapapenda mno. Mchana samaki Pangani, kisha tunarudi Tanga.

Jumapili ni Muheza, Korogwe, Mombo. Madereva, kagueni breki na mjaze mafuta Mombo, maana kutoka hapo hadi Lushoto ni takriban kilomita 33 za kona kali, mwamba huku, bonde kule. Msipitane kwenye kona, tafadhali. Wanaotapika garini wakae mbele. Soni tutaona maporomoko, na jioni tuwe Irente, kwenye ukingo wa milima karibu na Lushoto, ambako mashamba ya mkonge yanaonekana chini kabisa.

Masweta ni lazima, Lushoto kuna baridi kweli. Ambao hamjathibitisha vyumba, niandikieni leo kabla ya saa nne usiku.