Kwa mwanangu unayepima ustahimilivu wa Mji Mkongwe

Mwanangu mpenzi,

Asalaam alaykum. Sisi hapa mtaani Malindi, Mji Mkongwe wa Zanzibar, hatujambo, ila shangazi yako miguu bado inamsumbua na ngazi za nyumba hii unazijua. Fomu yako ya kupima ustahimilivu wa mji tumeisoma. Baba yako kacheka peke yake alipofika kwenye "miundombinu ya urithi".

Unataka tuupe mji alama. Mimi naona umeanzia pasipo. Umeyatanguliza majengo mashuhuri, basi hebu litazame lililo mashuhuri kupita yote. Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, aliijenga Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883. Mwaka 1896 mizinga ya Waingereza ilibomoa kasri lililokuwa ubavuni mwake, yenyewe ikabaki. Kisha tarehe 25 Disemba 2020, hakuna vita wala kimbunga, sehemu ya mbele ikaporomoka na watu wawili wakafa. Ukarabati ulikuwa unaendelea, na mji ulikuwa na miaka 20 kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Ungeijaza fomu yako siku moja kabla, nyumba hiyo ingepata alama nzuri tu.

Nyumba zetu ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na dari zimelala juu ya boriti za mikoko. Ukuta wa namna hii hunywa maji, ya mvua na ya ardhini, na chokaa huyatoa taratibu. Siku hizi fundi akiitwa anakuja na mfuko wa saruji. Anapiga plasta, ukuta unameremeta, mwenye nyumba anafurahi. Unyevu umefungiwa ndani. Baada ya masika mbili tatu plasta inavimba na kubanduka mabamba, na ukitia kidole nyuma yake udongo unamwagika kama unga. Boriti nayo huanza kuoza kichwani, pale ilipoingia ukutani, na ukiwa umekaa chumbani hukioni hicho kichwa. Lazima ugonge kwa mpini wa nyundo usikilize. Nzima inalia kavu, mbovu inaitika kwa sauti nzito. Fomu yako haina mahali pa kuandika hilo.

Wala haiulizi nani anapanda juu ya paa. Bati likitoboka au mchirizi ukiziba majani, maji yanashuka ukutani mwaka mzima, na nyumba nyingi zimeanguka kwa kuvuja tu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 majumba mengi yalichukuliwa, yakagawiwa chumba kwa chumba. Kila aila ikafagia chake, paa likakosa mwenyewe. Nyumba za wakfu, zilizowekwa kwa ajili ya dini na hisani, kodi yake ni ndogo, na kwa kodi hiyo huezeki nyumba.

Hoteli, sikatai, zimeziokoa nyumba ambazo leo zingekuwa vifusi. Lakini majirani wamehama, na mgeni wa siku tatu hajui kwamba ufa ule mwaka jana haukuwepo. Ulipokuja ugonjwa wa korona 2020, ndege zikakatika, hoteli zikafungwa. Hapo ndipo ungepima: nyumba ipi ilibaki na mtu ndani mvua ilipoanza, na ipi ilibaki na kufuli. (Baba yako anasema naionea hoteli. Yeye anauza vinyago, mwache.)

Kwa hiyo ongeza maswali haya. Mtaa huu una mafundi wangapi wanaojua kuchanganya chokaa, na yupo kijana anayejifunza kwao? Ufunguo wa nyumba iliyofungwa anao nani? Maji yakivuja kwa jirani wa juu, wa chini anamwambia nani, na huyo ana fedha? Kamuulize sheha, kiongozi wa mtaa, anajua kuliko ramani yako.

Ukija likizo anza na kwetu. Chumba cha nyuma, boriti ya tatu kutoka dirishani, mimi siipendi. Njoo na tochi. Na dawa ya miguu ya shangazi usisahau, ile ya kuchua, hapa imeadimika.

Mama yako