Barua kwa Mama Aika kuhusu namba za simu zinazomaliza fedha

Arusha,
Juni 2025

Mpendwa Mama Aika,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi ni wazima, baridi ya Juni imeshika, na Baba Nasieku anakusalimu wewe na Baba Aika. Nimefurahi mno kusikia kwamba ofisi yako ya kupandisha wageni mlimani imeanza kazi na kwamba umeajiri vijana wawili wa kukaa kwenye simu kabla msimu haujachanganya. Ni kwa sababu ya vijana hao na simu hiyo ndiyo maana ninakuandikia. Katika kazi yangu ya kukagua hesabu za kampuni za utalii sijaona matumizi yanayoingia kimya kimya kama gharama za namba za simu zenye bei kubwa, na wanaoumia zaidi ni wenye ofisi changa, ambao hawathubutu kuacha simu ya mgeni ipite bila kujibiwa.

Naanza na hatari iliyo karibu nawe zaidi. Simu inaita mara moja usiku wa manane, kisha inakatika. Asubuhi kijana wako anakuta namba ya nje, yenye tarakimu za nchi asiyoijua. Wewe unajua jinsi tulivyo: mtu akikubipu humpuuzi, kwani huenda ni mdogo wako aliyeishiwa salio, au ni mpagazi aliye kwenye geti la Marangu anayetaka kujua gari limefika wapi, na adabu inakutaka umpigie. Ongeza juu yake kwamba katika biashara yako namba ya nje maana yake ni mteja. Matapeli wa simu wanaishi kwa tabia hii hasa. Hawahitaji kukudanganya kwa maneno, wala hawahitaji nywila yako. Wanachohitaji ni uungwana wako wa kupiga simu kwa aliyekupigia, na jambo hilo linaniudhi kuliko utapeli mwingine wowote wa simu.

Nililiona hili kwenye vitabu vya kampuni moja ya hapa mjini. Bili ya simu ya mezani ilikuja ikiwa imevimba, nikaipitia mstari kwa mstari. Mistari ya kawaida ilikuwepo, ya Dar es Salaam, ya Nairobi, ya wakala wao wa Ujerumani, na katikati yake kulikuwa na mistari michache ya tarakimu ndefu, yote ya asubuhi moja, ambayo mmoja wake peke yake ulizidi simu zote za Nairobi za mwezi ule. Juu ya hapo kulikuwa na ushuru wa bidhaa na kodi ya ongezeko la thamani, kwa maana serikali huzitoza juu ya huduma ya simu hata kama aliyepokea simu hiyo ni mwizi. Kijana wa mapokezi alipoulizwa alijibu kwa unyofu kabisa kwamba simu haikupokelewa, ilikuwa inaita tu. Alisubiri, akakata, akapiga tena, akasubiri tena. Nilimwamini, na sikutaka akatwe mshahara. Ule mlio wa kuita aliousikia ulikuwa umerekodiwa. Simu ilipokelewa na mashine tangu sekunde ya kwanza, na kila dakika aliyovumilia kwa heshima ya mteja ilikuwa inatozwa.

Utaratibu wake ni huu. Ukipiga simu nchi nyingine, kampuni yako ya simu huilipa kampuni ya kule kwa kila dakika inayoikabidhi. Zipo nchi ambazo malipo hayo ni makubwa, na zipo kampuni zinazokodisha mafungu ya namba kwa makubaliano kwamba anayezikodi atapata sehemu ya fedha za kila simu inayoingia. Tapeli hukodi namba hizo, kisha mashine yake hubipu maelfu ya watu kwa usiku mmoja, bila yeye kulipa kitu kwa sababu simu isiyopokelewa haitozwi. Anayempigia ndiye anayemlipa. Kwa hiyo kazi yake yote iliyobaki ni kukuweka kwenye laini muda mrefu, kwa mlio wa kuita, kwa muziki, au kwa sauti ya kike inayokuomba usubiri.

Waonyeshe vijana wako jambo moja kwenye simu zao za mkononi. Simu inapoita bila kupokelewa, kioo hakihesabu muda. Mara sekunde zinapoanza kuhesabiwa, simu imepokelewa, hata kama sikioni bado wanasikia inaita. Wakiona sekunde zinakimbia huku mlio wa kuita ukiendelea, wakate hapo hapo.

Kuhusu namba zenyewe, si rahisi kuzijua kwa kuzitazama, na huo ndio ugumu. Mei 2019 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliwatahadharisha wananchi wake kuhusu simu za usiku zinazoita mara moja zikionyesha namba za 222, ambazo ni za Mauritania. Watu wa New York na Arizona walisumbuliwa sana. Mtu wa Marekani huenda akashangaa kuona namba ya Mauritania. Sisi tunaoandika 255 kila siku tuna shida nyingine, kwamba majirani zetu wanafanana nasi: 257 ni Burundi, 252 ni Somalia, 269 ni Komoro, na jicho la usingizi husoma 257 likaona 255. Sisemi kwamba kila simu ya Burundi ni ya utapeli, maana una wateja huko. Nasema isomwe kabla ya kupigiwa.

Mtego mkubwa zaidi kwako ni namba za +1. Wengi huku hudhani +1 ni Marekani na Kanada basi, kumbe visiwa vingi vya Karibiani viko ndani yake: 876 ni Jamaika, 809 ni Jamhuri ya Dominika, 473 ni Grenada, 284 ni Visiwa vya Virgin vya Uingereza. Namba ya +1 473 inafanana kabisa na ya mgeni wa Colorado anayeuliza bei ya njia ya Machame, na matapeli wamezitumia namba hizo kwa miaka mingi kwa sababu hiyo hiyo. Vilevile ipo 979, ambayo Shirika la Kimataifa la Mawasiliano liliitenga kwa ajili ya huduma za kimataifa za malipo ya juu. Hakuna mgeni atakayekupigia kutoka huko, basi isipigiwe kamwe.

Tena vijana wasidanganyike na kifurushi. Dakika za kifurushi cha kawaida ni za hapa nchini, na simu ya nje hukatwa kwenye salio la kawaida. Kwenye laini ya vocha hasara ina ukomo, kwa kuwa salio likiisha simu inakatika. Kwenye simu ya mezani ya kulipia mwisho wa mwezi hakuna ukomo huo, na hapo ndipo ofisi huumia.

Hapa nyumbani nako tuna namba zetu za bei. Namba zinazoanza na 0800 ni za bure kwa mpigaji, na zile za 0900 ni za malipo ya juu. Sifuri mbili hizo zinazifanya zifanane, lakini mfukoni hazifanani hata kidogo. Ninaloliona mara nyingi zaidi ni huduma za ujumbe, za mafumbo, za mapenzi, za bahati nasibu, ambazo mtu hujiunga kwa kubonyeza tarakimu moja bila kusoma, kisha hukatwa kidogo kidogo kila siku mpaka anaanza kusema vocha za siku hizi hazidumu. Ukiona salio linapungua bila kupiga simu, piga huduma kwa wateja, namba 100, uwaulize umeunganishwa na huduma zipi, uagize ziondolewe zote. Ila usiwatie vijana hofu ya namba fupi zote. Namba 112 ya dharura haitozwi, na ukiwa na wapagazi mlimani lazima kila mtu aijue.

Sasa naomba ufikishe haya kwa Aika huko anakosoma, maana Uingereza ni nchi yenye sheria nyingi juu ya jambo hili, na bado watu wanatozwa wasivyotarajia. Huko namba za 01, 02 na 03 ni za bei ya kawaida, na za 0800 na 0808 ni za bure hata kwa simu ya mkononi tangu Julai 2015. Zinazoanza na 084, 087, 09 na 118 zina malipo ya aina mbili kwa pamoja, moja la kampuni yake ya simu na jingine la mwenye huduma. Kwa namba za 09, lile la mwenye huduma pekee linaweza kufika pauni 3.60 kwa dakika. Namba za 118 za kuulizia namba za watu zilifika mahali ambapo simu ya sekunde 90 ilizidi pauni 11, ndipo mamlaka yao, Ofcom, ikaweka kikomo cha pauni 3.65 kuanzia Aprili 2019. Hata hiyo ni fedha nyingi kwa mwanafunzi kuulizia namba ambayo angeipata bure kwenye intaneti.

Lakini intaneti nayo ina mtego, na huu ndio ninaomba umsisitizie. Mtu akitafuta namba ya benki, ya shirika la ndege au ya ofisi ya serikali, tangazo la juu kabisa linaweza kuwa la kampuni nyingine iliyoweka namba yake ya 084 au 09. Anapiga, wanamwunganisha na ofisi aliyoitaka, anahudumiwa vizuri, na muda wote huo anatozwa kwa kila dakika kwa simu ambayo angepiga kwa bei ya kawaida. Kwa sababu amehudumiwa, hashuku chochote mpaka bili ije. Achukue namba kwenye tovuti ya ofisi yenyewe, au nyuma ya kadi yake ya benki. Tangu Juni 2014 sheria ya huko inazitaka biashara nyingi ziwape wateja wao namba ya bei ya kawaida wanapopiga kuhusu kitu walichokwisha kukinunua, kwa hiyo akipewa namba ya gharama ana haki ya kudai nyingine. Wewe pia, ukitaka kuwasiliana na wakala wa London, muombe namba inayoanza na +44 20. Jihadhari na +44 70: inafanana na ya simu ya mkononi lakini si ya mkononi, na ilitumiwa vibaya mpaka Ofcom ikalazimika kuweka kikomo cha malipo yake Oktoba 2019.

Mimi naamini kwamba bei ya simu ingepaswa kusemwa kabla haijaanza kutozwa. Marekani walifanya hivyo baada ya namba zao za 900 kuzitesa familia nyingi. Sheria ya mwaka 1992 na kanuni zilizofuata zilimlazimisha mwenye huduma kutaja gharama mwanzoni, na kumpa mpigaji nafasi ya kukata bila kulipa. Sauti inayosema kwa Kiswahili kwamba dakika moja ni shilingi kadhaa, bonyeza moja kuendelea, isingekuwa vigumu kuiweka kwenye simu zetu, na ingemwokoa yule kijana wa mapokezi.

Kwa ofisi yako nashauri hivi. Iandikie kampuni ya simu ya mezani barua ya kuomba simu za kwenda nje zifungwe, na zile za lazima zipigwe kutoka laini moja ya vocha inayokaa kwako. Namba ya nje iliyobipu isipigiwe. Kijana aihifadhi, aitazame kama ipo WhatsApp, na amwandikie mwenye nayo kwa heshima kwamba ofisi iliona simu yake. Mteja wa kweli atajibu, na mwenye mashine hatajibu. Katika barua pepe za kuthibitisha safari ongezeni sentensi moja inayowaomba wageni waandike ujumbe kabla ya kupiga. Ikitokea umetozwa, lalamika kwanza kwa kampuni ya simu kwa maandishi na utunze nakala. Wakikupuuza, Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ina ofisi ya kanda hapa Arusha, nami niko tayari kuipeleka faili yako.

Nitumie picha ya bili yako ya mwezi wa Mei, kurasa zote, si ule wa jumla peke yake. Nitaipitia na kuweka alama kwenye kila namba nisiyoielewa, kisha nitakurudishia kabla ya siku ya kulipa. Mpe Aika salamu zangu mtakapozungumza.

Mwenzio akupendaye,
Mama Nasieku